Ajali Sitini za Kwa Mbithe

Uongo wote wa Sajini Muthama ulitokea Kitui. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kilungu, na alijua kwamba uongo ukiufuga nyumbani, majirani watautambua hata rangi ya mkia. Kitui ilikuwa mbali kiasi cha kutosha. Shahidi angekosa nauli. Huko Kitui, enzi za utrafiki wake, ndiko alikopuliza filimbi mpaka lori la makaa likasimama na makaa yenyewe yakashtuka. Huko ndiko mbuzi alikopandishwa kizimbani kutoa ushahidi wa ajali, akalia mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, na hakimu akaandika yote bila kucheka.

Alikuwa amestaafu miaka sita sasa, na ofisi yake ilikuwa benchi moja katika hoteli ya Mbithe, kando ya barabara ya kwenda Nunguni. Usidanganywe na neno hoteli. Ni mabati, meza mbili na karai la mandazi. Mbele yake barabara imenyooka na kulala tambarare hata kuku huvuka bila kuangalia kushoto wala kulia. Ndiyo maana Jumanne ile, saa nne asubuhi, mwanamke kijana aliposhuka kwenye gari la serikali na kusimama akiitazama barabara kwa huzuni, Muthama aliacha hadithi katikati.

"Mama, hapa ndipo panaitwa Kwa Mbithe?" mgeni aliuliza.

"Ndipo. Na Mbithe ndiye mimi. Chai ya maziwa ama strungi?"

Mgeni alitazama tableti aliyoshika, akatazama barabara tena. "Pole sana, mama."

"Pole ya nini?"

"Ya hawa watu wote."

Mbithe alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina hata kikombe kilipojaa, ikafuata meza, ikaingia kwenye kiatu cha Muthama.

Mgeni aliitwa Gakenia. Wazazi wake walikuwa watu wa Murang'a waliofungua duka la misumari na saruji pale Emali kabla hajazaliwa, kwa hiyo alikisikia Kikamba vizuri kuliko alivyojifanya. Alikaa, akaeleza taratibu. Serikali ilikuwa imetoa ruzuku ya kuziondoa ajali kwenye vitabu vya polisi na kuziweka kwenye kompyuta. Kitui na Makueni ndizo zilizoanza. Yeye na wenzake, kutoka ofisi yao ya Kitui, walikuwa wameingiza vitabu vya miaka kumi na tisa, ukurasa kwa ukurasa, hata zile kurasa ambazo panya alisoma kwanza. Kila ajali iligeuka nukta kwenye ramani. Nukta zikirundikana, panakuwa pekundu. Na palipo pekundu kuliko pote ndipo pesa za ruzuku zinaanza kurekebisha.

Aligeuza tableti. Katika milima yote ya Kilungu kulikuwa na doa moja jekundu, nene, kama jipu. Lilikuwa limekaa juu ya karai la mandazi.

"Ajali sitini," Gakenia alisema. "Waliokufa arobaini na mmoja."

"Hapa?" Mbithe aliuliza. "Hapa kwangu?"

"Vitabu ndivyo vinasema. Kwa Mbithe, Kwa Mbithe, Kwa Mbithe. Lakini usijali, mama, tutaweka vyuma vya kando, alama, na matuta mawili ya kupunguza mwendo. Na majengo yote yaliyo karibu na lami yataondolewa."

"Yataondolewa yapelekwe wapi?"

"Yatabomolewa, mama."

Mbithe hakumtazama Gakenia. Alimgeukia Muthama polepole, jinsi mtu anavyogeukia mbwa wake aliyeonekana na mfupa wa jirani. Kisha akamwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kwamba kama hatasema yeye, utasema mwiko.

Muthama alijua. Alijua tangu liliposemwa neno sitini.

Hakuna mtu aliyewahi kufa Kwa Mbithe. Waliokufa walifia kwenye kona, kilomita moja na nusu mbele, mahali barabara inapoteremka, inavuka kalvati, halafu inakumbuka kwamba ilipaswa kugeuka. Lori lililochelewa kukumbuka pamoja nayo liliishia bondeni. Na ile kona haikuwa na jina. Wenyeji walikataa kuipa. Kinachokula watu hakiitwi, walisema. Kikizoea kuitwa, kitazoea kuitika. Wakipita pale walisema tu "kule," na wakabadilisha mazungumzo.

Lakini fomu ya polisi haielewi "kule." Ilikuwa na kisanduku cha Mahali, kirefu kama kidole cha mtoto. Muthama, ambaye miaka hiyo ndiye aliyekuwa trafiki wa barabara hii, alikuwa akimaliza kupima kwa futi pale konani, amejaa vumbi na damu ya watu, anapanda mpaka hotelini kwa sababu Mbithe alikuwa na meza, na mkono huandika vizuri mandazi yakiwa karibu. Mara ya kwanza aliandika "Konani, mbele ya Kwa Mbithe." Mara ya pili akaandika "Mbele ya Kwa Mbithe." Mara ya tatu mvua ilikuwa inanyesha. Waliokuja baada yake walifungua kitabu, wakaona jinsi mkubwa wao alivyoandika, wakafuata. Uvivu ni njia isiyohitaji kufyekwa.

Na kati ya hizo sitini kulikuwa na moja aliyoiandika kwa sababu nyingine. Hiyo hakupenda kuikumbuka.

"Msichana wangu," alisema, akiondoa kiatu kumwaga chai, "hizo ajali hazikutokea hapa. Zilitokea kule chini, konani. Hapa ndipo nilipokuwa nakunywa chai."

Gakenia alimtazama. "Mzee, wewe ndiwe Sajini Muthama?"

"Ndimi."

"Yule wa mbuzi?"

Muthama alijikuta anatabasamu kabla hajajizuia. "Umesikia habari za mbuzi?"

"Nimetoka Kitui, mzee. Nilimwuliza karani mmoja wa korti. Alicheka mpaka akaangusha faili." Alifunga kifuniko cha tableti. "Wenzangu ofisini walinionya. Waliniambia, ukifika Kilungu kuna mzee mmoja, anywe chai yake, usiandike anachosema."

"Lakini hii ni kweli!"

"Hata ya mbuzi ulisema ni kweli."

"Ile nilisema kwa mdomo. Hii nasema kwa…" Alitafuta. Akagundua kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kujiwekea kitu kingine cha kusemea zaidi ya mdomo.

Gakenia hakuwa na roho mbaya. Alimweleza kwamba mwongozo wa ruzuku unakubali eneo lisahihishwe, lakini kwa ushahidi wa kitu kinachoshikika. Angalau theluthi moja ya matukio, yaani ishirini, lazima yawe na kitu kinacholingana na kitabu. Ijumaa saa kumi jioni mfumo ungefungwa. Baada ya hapo doa lingebaki pale lilipo, na pesa zingefuata doa.

"Na ile kona?" Muthama aliuliza.

Gakenia alifungua tena ramani, akavuta kwa vidole viwili. Pale konani palikuwa peupe kabisa. "Ile kona, mzee, haijawahi kupata ajali hata moja."

Chini ya ile kona, hatua thelathini kutoka kwenye ukingo, iliishi familia ya dada yake.

*

Jumatano Mutanu alikuwa anapepeta mbaazi uani. Alikuwa amemzidi Muthama miaka minne na hakuwahi kumruhusu asahau. Alipomwona anashuka kwenye kijia bila mluzi wala kelele, aliweka ungo chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, dada."

"Basi mbona umefunga mdomo? Mimi nakujua. Ukinyamaza, kuna maiti."

Alimweleza, amesimama. Mutanu alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa unakaza kidogo kidogo.

"Hebu nielewe. Ulikuwa unakuja hapa na futi yako. Mimi nakuletea maji ya kunawa. Kivuva mume wangu, Mungu amlaze pema, anakushikia upande wa pili wa futi. Halafu unapanda juu kuandika kwamba ni kwa Mbithe?"

"Kulikuwa na meza."

"Mwaitu, mama yangu! Meza! Si hata mimi nina meza!"

"Mbithe alikuwa na mandazi."

"Nyamaza, Muthama." Aliokota ungo, akautikisa kwa hasira hata mbaazi nzuri zikaruka na makapi. "Lori la saruji lilipoangukia choo changu, nilienda kuuliza kama tutawekewa vyuma pale juu. Unajua niliambiwa nini? Mama, kona yako haiko kwenye kitabu. Nikafikiri ni kwa sababu sisi ni maskini. Kumbe ni kwa sababu ya mandazi."

Muthama alikaa juu ya jiwe, akatazama chini, kisha kando, popote pasipokuwa na macho ya dada yake. Ndipo macho yakatua kwenye nyumba ya kuku.

Alikuwa ameiona miaka mingi, kama mtu anavyoona pua yake. Kivuva aliijenga mwenyewe. Paa lilikuwa boneti mbili za lori. Mlango wa kuku ulikuwa mlango wa pikapu, bado na kioo chake, na jogoo alikuwa anachungulia dirishani kama abiria wa mbele. Na kuta, kuanzia chini hadi juu, zilikuwa namba pleti, zimepigiliwa misumari moja baada ya nyingine kama magamba ya samaki. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara nyingi, wakarudi mikono mitupu. Kivuva alikuwa na sheria moja: kitu kilichodondoka na mtu aliyekufa hakiuzwi. Unaweza kukipa kazi, lakini huwezi kukila.

Muthama alisimama. "Dada, hawa kuku wanalala wapi kesho?"

"Kwani unataka kuja kulala humo?"

*

Alhamisi Gakenia alishuka kijia akiwa ameshika viatu mkononi. Alikubali kuja, alisema, kwa sababu Jumanne alimsikia Mbithe akimtishia Muthama kwa mwiko, na mtu hatishiwi mwiko kwa ajili ya hadithi. Muthama aliduwaa. "Kumbe unasikia Kikamba?" "Nimezaliwa Emali, mzee. Endelea."

Walifanya kazi asubuhi yote. Mutanu alikwangua kinyesi cha kuku kwa kisu butu, Gakenia akasoma namba, akaitafuta kwenye tableti.

"Hii ipo. Lori, mwaka wa elfu mbili na tisa. Mahali: Kwa Mbithe."

"La vitunguu," Muthama alisema. "Lilimwaga mzigo wote. Msimu uliofuata vitunguu viliota mpaka mlangoni."

Gakenia alimtazama kwa jicho la Kitui.

"Hiyo ni kweli," Mutanu alisema. "Tulikula vitunguu mwaka mzima. Na kila nikikata, nililia mara mbili."

Pleti nyingine zilikuwa zimepinda, nyingine nusu. Zingine hazikuwa kitabuni kabisa. Wenyewe hawakuripoti, walifunga majeraha wakaenda. Moja baada ya nyingine zililingana. Kila ilipolingana, Gakenia alipiga picha, na tableti ikaandika alama za mahali aliposimama. Muthama alizijua zote. Ilimshangaza jinsi alivyozijua. Hii, dereva alikuwa akimwuliza saa ngapi, akauliza tena, kisha hakuuliza. Hii ilikuwa na kwaya iliyokuwa inatoka harusini. Miaka yote alipokuwa anasimulia habari za mbuzi wa Kitui, hizi zilikuwa zimekaa ndani zikisubiri zamu, naye alikuwa hajui.

Saa saba mchana, Gakenia alisoma pleti ya chini kabisa kando ya mlango, akatafuta, akapiga makofi. "Ipo! Pikapu, elfu mbili na kumi na mbili. Kwa Mbithe. Hiyo ni ya ishirini. Mzee, tumefika!"

Mutanu alikaa chini pale pale kwenye vumbi na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Muthama aliitazama ile pleti. Ilikuwa na mkwaruzo kama ndoana. Kusema hakukuhitajika. Kitabu kilikubali, pleti ilikubali, tableti ilikubali. Hata Kitui ingekubali.

"Hiyo itoe," alisema.

"Nini?"

"Hiyo ilitokea Kwa Mbithe kweli. Pikapu ya maembe iligonga punda mbele ya hoteli. Hakufa mtu, hata punda aliondoka kwa miguu yake. Kivuva alikuja kunisaidia kufagia, akabeba bampa na hiyo pleti. Katika zote sitini, hiyo ndiyo moja niliyoandika mahali pake."

"Muthama!" Mutanu aliruka. "Leo ndiyo umechagua kuwa mkweli? Miaka sitini na sita, halafu leo?"

"Dada, nikiiacha hiyo, basi na zile kumi na tisa ni za mbuzi."

Gakenia alibaki na kidole hewani. Kisha akaifuta. Kumi na tisa. Walizunguka nyumba ya kuku mara mbili, wakageuza boneti, wakatazama ndani ya kiota. Hapakuwa na kitu ila mayai matatu.

Mutanu alisimama uani muda mrefu, mikono ndani ya leso. Halafu akaingia nyumbani. Alikaa huko hata Gakenia akaanza kuvaa viatu. Alipotoka alikuwa amebeba kifurushi cha kitambaa cheupe, kile cha meza ya wageni. Hakukifungua. Alimpa Gakenia afungue.

Ilikuwa pleti ndogo ya pikipiki. Haikuwa na kutu wala kinyesi cha kuku. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa.

Gakenia alisoma namba kwa sauti ndogo, akatafuta. "Ipo. Miaka tisa iliyopita. Muli Kivuva, miaka ishirini na minne." Akaacha kusoma, lakini macho yake yalikuwa yamefika chini, kwenye jina la aliyeandika.

"Soma mahali," Mutanu alisema.

"Mama…"

"Soma."

"Kwa Mbithe."

Mutanu alimgeukia ndugu yake. Hakupaza sauti. "Mtoto wangu alifia kwa Mbithe?"

Muthama, ambaye hakuwahi kukosa la kusema mbele ya hakimu, mkubwa wa kituo wala mchungaji, alivua kofia.

"Siku ile sikunywa chai, dada. Nilikaa na ile fomu mpaka wino ukakauka kwenye kalamu. Pale kwenye Mahali ningeandika nini? Hatua thelathini kutoka kwa mlango wa mama yake? Mkono ulikataa. Nikaandika nilichozoea."

Upepo ulipita, na namba pleti zilizolegea misumari zikagongana kidogo ukutani. Mutanu alichukua kile kitambaa, akakikunja mara nne.

"Ungeandika hivyo hivyo," alisema. "Hatua thelathini kutoka kwa mama yake. Labda wangekuja."

Gakenia alipiga picha. Hakusema "ishirini." Aliandika tu.

Lakini alipobonyeza kutuma, tableti ilikataa. Alijaribu tena. "Inataka jina," alisema. "Eneo lisilo na jina halikubaliwi."

"Halina," Muthama alisema.

"Basi lipeni."

Walitazamana. Kwa desturi ya pale, mahali huitwa kwa mtu: kwa fulani, mwenye duka, mwenye kinu. Gakenia alipendekeza Kwa Mutanu. "Mimi nigeuzwe kona, nikiwa hai?" Mutanu alisema. Akapendekeza, kwa woga, jina la Muli. Mutanu alitikisa kichwa. "Huyo mwacheni apumzike. Asiitwe na kila turnboi wa lori."

Alifikiri. Kisha akasema, "Andika Kwa Muthama."

"Dada! Mimi sikufia pale!"

"Hukufia. Lakini ndiwe uliyeificha. Aliyeficha kitu ndiye anayeulizwa kiko wapi. Andika, msichana."

Gakenia alimtazama Muthama. Muthama alitazama juu, kwenye ukingo, mahali nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja kwa sababu ya magurudumu ya mwezi uliopita. Akavaa kofia yake.

"Andika," alisema.

*

Ijumaa, kabla ya saa kumi, doa jekundu liliondoka juu ya karai la mandazi. Gakenia aliwapigia simu. Mbithe alikaanga mandazi ya bure, siku moja tu, na akatangaza kwamba kuanzia hapo polisi watakunywa chai wakiwa wameshaandika.

Miezi minne baadaye walikuja watu wenye vizibao vya manjano, wakapiga vigingi vyekundu kwenye ukingo wa kona. Vyuma vyenyewe vilisemekana viko njiani. Muthama alienda kuvihesabu vile vigingi kila Jumatatu, kana kwamba vinaweza kutoroka.

Lakini jina halikungoja vyuma. Lilitangulia kwa miguu yake. Asubuhi moja, akiwa kwenye benchi, alisikia madereva wawili wa lori meza ya pili. Mmoja alikuwa mgeni wa njia ile, anapeleka mbolea Nunguni.

"Hapa ni tambarare, utajisahau," mwenzake alimwambia. "Lakini ukitoka tu hapa, funga mdomo, shika usukani. Mbele kuna Kwa Muthama."

"Muthama ni nani? Alikufa pale?"

Mbithe aliacha kukanda unga. Alimtazama yule mzee, akisubiri mbuzi, filimbi, lori la makaa na Kitui nzima. Nafasi ya kusimulia ilikuwa wazi kabisa. Hadithi ilikuwa imefunguliwa mlango na kuwekewa kiti.

Muthama alimega mandazi.

"Alikuwa polisi mmoja mvivu," alisema. "Weka gia ya pili kabla ya kalvati."

Dereva alishukuru, akalipa, akaondoka. Muthama hakumaliza kula. Alikaa ameinua kidole, Mbithe naye mikono ndani ya unga, wakasikiliza lori likienda, likienda, mpaka kule mbali lilipofika penye mteremko na sauti yake ikashuka, nzito, gia ya pili.